Saa Ikipona

Mume wangu Idarusi hakumaliza kitu. Naanza na hilo mapema, asije mtu akadhani namsifu kwa sababu amekufa. Nilimwambia hivyo akiwa hai, tena mbele ya watu, naye alicheka tu na kuendelea na alichokuwa nacho mkononi.

Alifariki Alhamisi moja ya Januari 1957, saa mbili asubuhi, nyumbani kwetu Shauri Moyo, akiwa amekaa kwenye benchi lake na kofia iliyoshonwa nusu magotini. Nilikuwa nimempelekea chai. Nikasema, "Chai hiyo." Hakugeuka. Nikadhani ananipuuza, maana ndivyo alivyokuwa akizama kazini, nikamwambia kwa ukali, "Haya, ikipoa shauri yako." Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia. Kama alilisikia sijui, na kulifikiria kumenichosha kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Nikakaa eda. Kwetu mjane hukaa miezi minne na siku kumi katika nyumba aliyofiwa, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hatii hina wala manukato, na mwanamume asiye ndugu yake huzungumza naye pazia likiwa katikati. Adoyo, jirani yangu wa ukuta mmoja, Mjaluo wa Alego ambaye mumewe yuko reli, aliniuliza siku zote hizo nitakuwa nafanya nini. Nikamwambia nitakaa.

"Kukaa tu?" akasema. "Hiyo ni kazi ngumu, Waridi."

Alikuwa amesema kweli. Nilichoka kwa kukaa kuliko nilivyowahi kuchoka kwa kufua.

Wiki ya sita akaja Tobias, karani wa ofisi ya nyumba, kijana wa Maragoli mwenye suruali iliyopigwa pasi vizuri na sauti ya upole. Alisimama sebuleni, mimi nikiwa chumbani nyuma ya pazia, Adoyo amekaa mlangoni. Akanipa pole. Kisha akanisomea barua. Nyumba ilikuwa kwa jina la Idarusi, Idarusi hayupo, na mtoto mkubwa wa kuirithi hayupo, maana Mungu hakutujaalia. Kwa hiyo mwisho wa Machi nyumba irudishwe.

"Eda yangu inaisha katikati ya mfungo mosi," nikasema.

Mwezi huo hakuujua. Adoyo akamfafanulia: "Mwezi wa tano, karani."

"Barua inasema Machi, mama," akasema Tobias, na nikasikia kwamba hakupenda kulisema.

Sikukosa pa kwenda. Bi Fatu, mdogo wake mama yangu, alikuwa na chumba Majengo na alishaniambia njoo tu. Maalim Muhidin naye alikuja akaniambia kwamba mjane akilazimika kuhama, sheria inamruhusu, ataimalizia eda huko aendako, wala hana dhambi. Alisema kwa wema, nami nikamshukuru, halafu nikakasirika alipoondoka. Dhambi sikuwa nimeiuliza. Nilitaka kumaliza pale. Mwaka wa 1939, nikiwa msichana wa miaka kumi na saba, nilisimama Pangani ya mji huu huu nikaona nyumba ya mama yangu ikibomolewa na serikali, sisi tumebeba magodoro kichwani. Kisha nikaishi miaka kumi na mtu aliyeanza mambo mia na kuyaacha yote njiani. Kitu kimoja nilitaka nikimalize, nikimalizie mbele ya benchi lake, basi. Sikuona kama ni kikubwa.

Katikati ya Machi Tobias alirudi kuandika vitu vya nyumbani. Hapo ndipo alipokutana na Idarusi.

Nieleze kidogo. Baba yake Idarusi aliletwa kutoka Tanga katika vita vya kwanza, akibebeshwa mizigo ya jeshi, na vita vilipokwisha akabaki Kariokor. Mtoto naye akaingia keya, jeshi la Mwingereza, mwaka wa 1940, akaenda Habeshi, akarudi, akapelekwa Bama kupigana na Wajapani. Kuhusu Bama alinieleza mambo mawili tu: mvua na ruba. Mengine aliyasema usingizini, kwa lugha ya amri, na asubuhi sikumuuliza. Alipigwa risasi ya bega, akalazwa miezi mitano katika hospitali ya jeshi Bara Hindi, na huko wagonjwa walipewa kazi za mikono ili wasipotelewe na akili. Kitanda cha kulia kilikuwa na mtu wa Lamu aliyemfundisha kushona kofia. Cha kushoto kilikuwa na fundi saa.

Tangu hapo mikono yake haikutulia. "Mikono ikikaa bure, Waridi," alikuwa akiniambia, "kichwa kinaondoka kwenda kule." Kazi yake ya mshahara ilikuwa stoo ya mbao, na akitoka huko ndipo siku yake ilipoanza. Alitengeneza saa. Alishona kofia. Alipiga kodiani, nyimbo tatu, zote mpaka katikati. Alipanda nyanya katika madebe mpaka mlangoni hapapitiki. Alinunua kamera ya sanduku akapiga picha estate nzima, na nusu ya picha hizo hazijasafishwa hata leo. Jumapili alipuliza filimbi kwenye mpira wa vijana, akitoa amri kama yuko gwaride, hadi siku moja timu zote mbili zikaungana kumkimbiza. Alirudi nyumbani anahema na kiatu kimoja, anacheka, nami nikacheka siku hiyo, sikatai.

Watu wakajua kwamba Idarusi hakatai kitu. Kila kilichoharibika kuanzia Kaloleni hadi Kariokor kililetwa kwangu. Saa, redio, taa za karabai, cherehani isiyo na gurudumu, kinanda cha kanisa la akina Phelister, jirani zetu. "Kesho," aliwaambia. Na kwa vile aliwahi kuwa mtunza stoo wa kikosi, kila kitu alikifunga karatasi kwa uzi, kwa mwandiko wa jeshi, mistari mitatu: jina la mwenyewe na mtaa wake, jina la kitu, na wa tatu, "Tayari", kisha nafasi ya tarehe. Nafasi hiyo ilikuwa tupu kwenye kila karatasi. Herufi za kizungu sizijui, mimi nilisoma chuo cha Kurani tu, lakini nafasi tupu naijua.

Tobias aliandika sebule hiyo alasiri mbili nzima. Vitu sitini na kimoja. Nilimsikia akihema.

"Mama, hivi vyote ni vya nani?"

"Vya watu."

"Basi kuna utaratibu," akasema. "Vya marehemu unaondoka navyo wewe. Vya watu wengine lazima wenyewe waje, kila mtu achukue chake kwa mkono wake, atie sahihi au dole gumba. Ofisi haiwezi kufunga nyumba yenye mali ya watu."

Adoyo alikuwa mlangoni anachambua maharagwe. Akainua kichwa.

"Kila mtu?"

"Kila mtu, mama."

"Na kama mtu hajakuja?"

"Tunamwandikia barua. Tunamngoja."

"Ahaa," akasema Adoyo, akarudi kwenye maharagwe yake.

Sikuelewa wakati ule. Nilikuwa nimechoka, nikawa nakasirika tu kwamba hata kufukuzwa kwangu kunatakiwa kupite katikati ya takataka za Idarusi. Nilimwambia Adoyo, Tobias alipoondoka, kwamba mume wangu amenijazia nyumba miaka kumi, sasa hata kufa kwake kumejaa redio za watu.

"Nyamaza, Waridi," akasema. "Wewe kaa. Si ulisema unakaa?"

Mwisho wa Machi ulifika. Hakuja mtu.

Tobias aliwaandikia barua. Owino wa Makongeni, mwenye redio, alijibu kwamba yuko zamu za gari moshi hadi Kampala na hajui lini atapata siku ya kupumzika, ingawa Jumamosi alikuwa nyumbani kwake akinywa chai na Adoyo. Mzee Magan mwenye bucha alisema taa ya karabai ni ya shirika kati yake na ndugu yake Abdiqadir, na Abdiqadir yuko Isiolo, hivyo hawezi kutia dole gumba peke yake kwa nusu ya taa. Phelister alisema kinanda ni cha kanisa, lazima kamati ikae, na mwenyekiti wa kamati anaumwa mguu. Mwenye cherehani aliuliza kama gurudumu limepatikana. Alipoambiwa halijapatikana alisema basi mkataba wake na marehemu haujakwisha.

Nilipopata habari hizi, nyuma ya pazia langu, nilifunika uso kwa leso. Sikujua kama ninacheka au ninalia. Watu hawa niliwatukana kwa miaka. Nilipowaona wanakuja na kitu kilichofungwa gazeti nilikuwa naanza kufagia mlangoni ili vumbi liwafikie.

Ramadhani ikaingia. Nilifuturu peke yangu, na kila jioni kulikuwa na bakuli la mtu mlangoni, uji siku moja, viazi siku nyingine, Adoyo akipeleka na kurudisha vyombo. Jioni hizo nilikumbuka njiwa.

Idarusi alikuwa na njiwa ishirini na wawili juu ya paa, na hao aliwapenda kuliko vyote. Mwezi wa nne 1954, askari wa serikali, wakiwasaka waasi wa msituni, walipoizingira mitaa yetu na kuchukua watu kwa malori, walifika mlangoni kwetu. Idarusi alikuwa amevaa nishani yake ya Bama, akidhani itamsaidia. Ofisa akatazama juu ya paa akauliza kupitia kwa askari wake: njiwa hawa wanapeleka barua wapi msituni? Idarusi akasimama wima, akapiga saluti, akasema, "Afande, njiwa hawa hata Kariokor hawaijui." Ilikuwa kweli, na ingekuwa ya kuchekesha siku nyingine. Ofisa alisema wasiwepo kesho.

Aliwachinja mwenyewe, mmoja mmoja, akagawa kwa majirani upande huu na huu. Nyumba nyingine hazikuwa na mwanamume wa kupokea, walishachukuliwa. Yeye hakula. Alivua nishani, na tangu siku ile sikuiona tena kifuani pake. Nilimuuliza iko wapi.

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Imepata kazi," akasema.

Nilidhani ameiuza, au ameitupa chooni. Tuligombana, kwa sababu kila mwaka askari wa zamani waliitwa kwenye gwaride na yeye alikaa nyumbani akishona kofia. Nilimwambia ameniaibisha. Nilisema mengi. Nilikuwa na ulimi, na ninao bado.

Idd ilipita bila hina. Mvua za masika zikafanya uwanja wote kuwa tope. Nikahesabu siku kwa kokwa za tende ndani ya kikombe, na asubuhi moja ya mfungo mosi kokwa zikatimia.

Bi Fatu alikuja kutoka Majengo na udi na nguo mpya. Nikaoga, nikavaa, nikafukizwa. Nikakaa dakika chache kwenye benchi la Idarusi, kitu ambacho sikuwahi kufanya akiwa hai kwa kuwa alikuwa akiniambia nitachanganya misumari yake. Nimemaliza, nikamwambia kwa sauti. Wewe je?

Kesho yake, baada ya adhuhuri, walikuja wote. Ni Adoyo aliyewapitia. Walipanga mstari kwenye mvua kuanzia mlangoni kwangu hadi kwenye bomba la maji, Owino wa zamu za Kampala wa kwanza, Mzee Magan na ndugu yake Abdiqadir ambaye sidhani kama aliwahi kwenda Isiolo, kamati nzima ya kanisa na mwenyekiti akitembea vizuri kabisa. Tobias alikuwa na fomu zake na kidau cha wino. Hakusema neno kuhusu mwezi na nusu. Aliniambia tu, "Shikamoo mama, umemaliza salama?" Nikamwambia marahaba, nimemaliza, Mungu amlipe.

Wakachukua. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimepona. Owino aliitikisa redio yake, ikalia kama debe la misumari, akasema, "Iko sawa, Bi Waridi. Iko tu vile nilileta," na akaikumbatia chini ya koti. Hakuna aliyelalamika. Kila mmoja alisimama kidogo mbele ya lile benchi kabla ya kutoka, na mimi, niliyetamani kwa miaka kumi kuiona sebule ile tupu, niliiona inakuwa tupu na sikupenda.

"Ni hivyo tu?" Tobias akauliza.

Bi Fatu akatoka chumbani. "Bado kuna hii, chini ya kitanda."

Ilikuwa imefungwa kwenye blanketi la jeshi. Niliijua kabla hajaifungua. Saa ya ukutani ya mama yangu.

Tuliibeba kutoka Pangani siku ya kubomolewa, na njiani ikaanguka, kile kibati kinachobembea ndani kikapotea, ikasimama. Mwaka 1946 Idarusi, ametoka vitani, alisikia Majengo kuna mjane mwenye saa mbovu na binti. Akaja kuitengeneza. Alikaa barazani alasiri nzima, akafungua msumari mmoja, akaufunga tena, akasema kesho. Miezi saba. Mama yangu, Bi Mwanasiti, hakuwa mtu wa kudanganywa. Akamwambia, "Saa ikipona, mlango huu nisikuone tena." Basi haikupona. Mwishowe mama alichoka akasema, mchukue, na saa yako muende nayo. Hata tulipooana, hata mama alipokufa, kila nikimuuliza habari za saa alinijibu vilevile: "Ikipona nitafukuzwa." Mwanzoni nilicheka. Baadaye nilichoka nikaacha kuuliza.

Tobias aliinama akasoma karatasi iliyofungwa kwa uzi.

"Bi Waridi. Nyumba hii. Saa ya ukutani." Akaisogeza kwenye mwanga. "Tayari, tarehe mbili Juni 1954."

"Soma tena," nikasema.

Akasoma tena. Ufunguo ulikuwa umebandikwa nyuma. Tuliiweka juu ya benchi, ikiegemea ukuta, nikafungua kijimlango chake cha kioo. Ndani, mahali pa kile kibati kilichopotea, kulikuwa na nishani ya Bama, imefungwa kwa waya mwembamba, nadhifu, kwa mkono wa mtu asiye na haraka. Nikatia ufunguo. Nikaisukuma nishani kwa kidole.

Saa ikaenda.

Sikuwa nimeisikia tangu nina miaka kumi na saba. Bi Fatu akaketi sakafuni. Watu waliokuwa bado mlangoni wakatua mizigo yao, na kwenye sebule ile tupu saa ilisikika kila pembe. Miaka mitatu karibu iliyobaki ya uhai wake saa hii ilikuwa nzima chini ya kitanda chetu, nami juu yake nikimlaumu kwamba hamalizi kitu, na yeye akinyamaza. Aliiogopa ahadi ya mama yangu, aliyekwisha kufa. Ningeweza kumpiga kwa hasira. Nilimpenda mno, na sikuwa nimemwambia hata siku moja, nilimwambia chai ikipoa shauri yake.

Nikaisikiliza kwa muda. Nikamsikia mama barazani Majengo: saa ikipona, mlango huu nisikuone tena. Nikatia mkono ndani ya kijimlango, nikaishika nishani, saa ikasimama.

Tobias alikuwa amekwisha kuichovya kalamu. "Niandike imepokelewa, mama? Ikiwa nzima?"

"Hapana," nikamwambia. "Andika bado haijapona."